Chafya Nyuma ya Pazia

Angeline alitoka kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkate wa moto ukiwa umefungwa kwa leso kifuani. Pale bekari, watu wa shifti ya usiku walipewa kila mmoja mkate uliotoka vibaya, uliopinda au uliopasuka mgongo, na huo ndio uliokuwa mkate wa chai nyumbani kwake Munyaka. Julai ya Eldoret unaijua: baridi ya kung'ata masikio na matope ya kuvua mtu kiatu. Alifika, akachemsha chai, akamvika mwanawe Kimeli sweta mbili, akamkabidhi kwa Mama Ciru wa mlango wa tatu, ambaye ndiye aliyemwangalia usiku na kumpeleka nasari pamoja na bintiye. Kimeli alikuwa na miaka minne na maneno ya mzee mzima.

"Mama, leo usilale sana," akamwambia.

"Hebu nenda huko. Nisipolala nani atapika mkate?"

Akaosha miguu, akateremsha pazia la chumbani, akapanda kitandani saa mbili na nusu. Ilikuwa siku kama siku zake zote. Tofauti ilikuwa moja tu: kwa mara ya kwanza maishani mwake, Angeline alilala akiomba akabwe.

Ngoja nikueleze.

Mtu wa shifti ya usiku hulala wakati dunia nzima inapiga kelele, kwa hivyo nyumba yake ina sheria zake. Ya Angeline ilikuwa vyumba viwili, na katikati hakukuwa na mlango, kulikuwa na pazia la maua mekundu. Sheria ilikuwa hii: Mama akilala, hakuna kuvuka pazia. Ukiwa na shida, simama hapo, ita. Watoto waliijua kabla hawajajua kusoma. Hata mumewe Dennis, dereva wa lori la kwenda Juba, akirudi mchana alisimama hapo na mwili wake wote wa jitu akaita, na wapangaji wenzao wa ploti walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka.

Lakini usingizi wa mchana una ubaya wake. Tangu aanze kazi ya usiku, Angeline alikuwa akikabwa na jinamizi. Unaamka, macho yamefunguka, unaiona dari, unauona mwanga dirishani, unasikia kuku wa jirani, lakini mwili hauna habari na wewe. Kidole hakisogei. Ulimi hauinuki. Na kifuani pamekaa kitu. Hakuwahi kukiona sawasawa. Alijua tu kwamba kina uzito wa mtoto na kwamba kinamtazama. Mama Ciru alimshauri aweke Biblia chini ya mto. Akaiweka, na kitu kikaja kikakaa vilevile.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, kilimkaba saa nne asubuhi. Ndipo akasikia mlango wa nje ukifunguliwa. Alikuwa Jelagat, kifungua mimba wake, mtoto wa miaka minane, ametumwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya kuumwa na kichwa.

Angeline alisikia. Nataka ulishike hilo. Alisikia mkoba ukiwekwa chini. Alisikia miguu ikija mpaka kwenye pazia na kusimama.

"Mama."

Akajikaza. Akajaribu kusogeza hata kidole cha mguu. Wapi.

"Mama, kichwa."

Alihesabu, maana hakuwa na jingine la kufanya. Mtoto aliita mara tisa. Baada ya ile ya tisa, pazia likainuliwa pembeni, Jelagat akachungulia. Macho yao yakakutana. Mama amelala chali, macho wazi, kimya. Mtoto akamtazama kidogo, kisha akaliachia pazia.

Angeline alipopata mwili wake ilikuwa saa sita kasoro. Jelagat alikuwa kwenye mkeka upande wa pili, yunifomu mwilini, soksi moja imeshuka, anachemka kwa homa, haitiki. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Saa mbili usiku hakuwa naye tena.

Walimzika Plateau, nyumbani kwa akina Dennis. Watu walimshika Angeline mkono mmoja baada ya mwingine wakamwambia, "Ulikuwa umelala, Mama, si makosa yako." Naye akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia mtu hata mmoja. Angeanzaje? Mtoto wake alikufa akijua kwamba mama yake alikuwa macho na akakataa kuamka. Hilo lilimla Angeline usiku na mchana, miezi tisa mizima. Alitaka kumwambia Jelagat neno moja tu: nilikusikia, sikuweza. Basi. Baada ya hapo hata dunia ikiisha, iishe.

Tena kulikuwa na jambo dogo ambalo watu hawakujua linamuumiza. Zamani kila mtu alimwita Mama Jelagat. Baada ya mazishi, pole pole, kwa heshima zao, wakaanza kumwita Mama Kimeli. Kila akiitwa hivyo aliona kama mtoto anafukiwa upya. Pale bekari aliyebaki na jina la zamani alikuwa mmoja, kijana wa kufunga mikate, Gikonyo. Huyo hakubadilisha. Ndiyo maana siku Angeline alipoelemewa, alimwambia Gikonyo habari za kukabwa, ingawa ile ya pazia aliificha.

"Mama Jelagat, hiyo kitu ni ubongo yako tu," Gikonyo akamwambia, mikono ikiendelea na kazi. "Imeamka mapema, mwili bado. Mimi imenikaba miaka tatu."

"Na ikaisha?"

"Haikuisha. Niliacha kuiogopa. Hiyo kukabwa ni mlango, unaelewa? Ukitulia unapita, unaingia ndoto ukijua kabisa hii ni ndoto. Huko ndani unaenda penye unataka. Unaona mwenye unataka."

Angeline akauweka chini mkate aliokuwa ameshika. "Hata mwenye amekufa?"

Gikonyo akamwangalia, akaelewa. Aliendelea kufunga mikate mpaka trei nzima ikajaa.

"Mimi huongea na babangu," akasema kwa sauti ya chini.

Basi Gikonyo akawa mwalimu. Alimwambia awe akihesabu vidole vyake mchana kutwa, akiwa kazini, akifua, akila, mpaka iwe tabia. Siku atakayohesabu akapata sita, ajue yuko ndotoni. Alimwambia kitu kikija asipigane nacho. Apumue kwa hesabu. Aseme moyoni, karibu. "Woga ndio inakifunga hapo kifuani," alisema. "Ukimaliza woga umemaliza kazi."

Ndiyo hiyo siku ya mkate na sweta mbili.

Kilikuja saa nne. Aliusikia uzito ukipanda kuanzia miguuni, taratibu, ukakaa. Alikuwa amejiandaa, amejifunza hesabu zake zote, na zote zikampotea. Alipigana. Alipopata mwili alijikuta ameuma shuka na analia kwa sauti, na Mama Ciru yuko mlangoni anauliza kama kuna msiba.

Siku ya pili hivyohivyo. Ya nne alipumua mara tano kabla ya kushindwa. Wiki ya pili alifika kumi na nane. Nisikudanganye, mwanamke yule alikuwa na moyo. Alikuwa akiingia kitandani kila asubuhi kwa miguu yake mwenyewe kwenda kukutana na kitu ambacho wewe na mimi tungekikimbia mpaka Turbo bila kuangalia nyuma. Akakonda. Kazini akachoma trei mbili. Hakuacha.

Jumatatu moja kitu kilikaa, naye akapumua, akapumua, akasema moyoni: karibu.

Na woga ukamtoka. Aliusikia ukitoka kama mtu anavyosikia maji ya moto yakishuka tumboni. Akautazama mkono wake. Ulikuwa umeinuka hewani, na ule mkono mwingine, wa nyama, umelala palepale kwenye blanketi. Akahesabu vidole. Sita.

Akageuza macho kwenye pazia. Chini yake, pale kitambaa kinapoishia, kulikuwa na miguu miwili midogo. Viatu vyeusi vya shule. Soksi moja imeshuka.

Alitaka kuruka. Uzito haukumwachia. Alitaka kuita, sauti ikakataa. Ile miguu ilisimama muda mrefu, ikingoja, halafu ikageuka ikaenda zake. Angeline akaamka saa saba mchana, mto umelowa.

"Nimemwona miguu," akamwambia Gikonyo usiku huo. "Lakini hiyo kitu haitoki, Gikonyo. Siogopi tena na bado haitoki."

"Basi iulize ni nani. Kwa ndoto ukiuliza hivyo huwa inageuka, inakuwa kitu ingine, inaenda."

"Haiongei."

"Uliza tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na Gikonyo hana lawama. Ni Mkikuyu, hakujua neno hilo lingeangukia wapi. Kwa Wanandi, watu wa Angeline, kuna njia ya kumuuliza mtu asiyeweza kusema kwamba yeye ni nani. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee humshika, wakampaka ugoro kidogo puani, wakaanza kuita majina ya waliokufa wa ukoo, moja moja, bila haraka. Jina litakalompigisha chafya ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi. Kimeli mwenyewe alipatikana hivyo. Kogo Rael, mama yake Dennis, aliita majina kumi na moja, na mtoto akapiga chafya kwenye jina la Kimeli, babu wa babake. Kogo, yaani nyanya, ndivyo kila mtu alivyomwita yule mama. Siku hiyo alifuta mikono, akamwambia Angeline jambo moja ambalo Angeline aliliona ni la kizee tu: "Jina likishapata mwenyewe, haliitwi tena juu ya ugoro. Limefungwa."

Angeline alikuwa na wazo lililomkosesha hata uji. Uzito wa mtoto. Kitu kile kilikuwa na uzito wa mtoto. Je, kama ni Jelagat mwenyewe? Je, kama siku zote hizi alikuwa akimwogopa na kupigana na mwanawe? Alienda kwa mama mmoja sokoni akanunua ugoro wa kijiko kimoja. Alhamisi asubuhi, Kimeli akiwa nasari, alijipaka kidogo kwenye vidole, akaacha na mwingine kwenye kikaratasi kando ya mto. Akateremsha pazia. Akalala.

Kilichelewa. Alisikia kengele ya shule ya jirani ikilia mara mbili. Alianza kufikiri hakiji.

Kikaja.

Kikapanda. Kikakaa. Akapumua. Karibu. Akahesabu vidole, sita. Akatazama chini ya pazia, na miguu ilikuwa pale, soksi imeshuka. Macho yakamjaa machozi ambayo hayakushuka. Akaunyoosha ule mkono usio wa nyama, wenye ugoro, akausogeza juu ya kifua chake mwenyewe, pale penye giza kidogo kuliko chumba. Ukagusa baridi.

Akaanza kuita moyoni. Akaita nyanya yake mzaa mama. Kimya. Akaita babu zake wawili. Kimya. Akaita shangazi aliyekufa kwa uzazi. Akaita mjomba aliyepotelea vitani. Kitu kilitulia, kama mtu anayesikiliza habari redioni. Akaita wafu wote aliowajua wa kwao na wa kwa mumewe. Halafu akakusanya nguvu zake zote akaita lile alilolijia.

Jelagat.

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Si yeye. Kwa hiyo si yeye. Basi nani? Kwa miaka yote hiyo, nani?

Mlango wa nje ukafunguliwa.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya Kimeli, Kimeli wa kweli, amerudi kutoka nasari. Mkoba ukaanguka chini. Miguu ikaja mbio, ikasimama kwenye pazia, palepale penye ile miguu mingine.

"Mama, Mama!"

Woga wote ukarudi kwa mkupuo mmoja. Hofu ya mama hii, usiniambie kitu. Aliona pembe ya pazia ikianza kuinuka. Asiingie. Asikione hiki. Asinione macho wazi. Akapiga kelele moyoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo: Kimeli, usivuke!

Kifuani pakapigwa chafya.

Ndogo. Ya kitoto. Aliisikia kwa masikio haya ya nyama, na rasharasha za baridi zikamwangukia shingoni.

Halafu uzito ukaondoka. Haukufifia kama siku nyingine. Uliinuka ukaenda, kama mgeni aliyepewa alichokifuata.

Angeline aliruka akaanguka sakafuni, akatambaa, akalivuta pazia mpaka likakatika upande mmoja. Kimeli alikuwa amesimama pale na sweta zake mbili, mzima wa afya. Alimkumbatia, akalia, akacheka, akambusu masikio. Alimpikia mayai mawili. Jioni alimshukuru Mungu kwa sauti, na usiku huo kazini alimwambia Gikonyo kwamba ameacha, hajaribu tena, yatosha.

Ijumaa mwalimu wa nasari alimwambia Mama Ciru kwamba mtoto ana shida ya masikio. Anaitwa haitiki.

Jumamosi Angeline aliandaa ugali na maziwa. "Kimeli, kuja ukule." Mtoto alikuwa kwenye mkeka, anapanga vifuniko vya soda. Hakuinua kichwa. "Kimeli!" Hata. Alipomgusa bega ndipo alipogeuka, na bega lenyewe lilikuwa baridi.

"Si nakuita?"

"Umeita Kimeli," mtoto akasema.

"Na wewe ni nani?"

Akafikiri. Alionekana kabisa akitafuta, na asipate. "Sijui," akasema. Kisha akaonyesha pazia kwa kidevu. "Kimeli amelala kwa kitanda yako."

Angeline hakwenda kuangalia. Alimbeba mtoto nje, akakaa naye juani mpaka jua likaisha.

Jumapili mtoto aliacha kula. Jumatatu hospitali walimpima damu, malaria, kila kitu, wakasema hana ugonjwa, wakampa dawa ya vitamini. Jumanne hakuweza kusimama. Alilala tu kwenye mkeka upande ule wa pazia, mahali palepale, macho wazi, anapoa kuanzia miguuni kwenda juu. Angeline aliyaona hayo akayajua. Mtoto wa pili. Mkeka uleule. Ndipo akapiga simu Plateau, akamwambia Kogo Rael kila kitu, hata ile ya mara tisa, hata ile ya macho.

Kogo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umekipa kitu hicho jina la mtoto," Kogo akasema. "Angeline, umekipa jina la mtoto wangu."

Alifika kesho yake saa nne, mama mnene wa sabini na kitu, buti za shamba miguuni, kikopo cha ugoro mfukoni. Hakusalimia. Alifungua mlango wa nje na madirisha yote, akaketi kwenye mkeka, akampakata mtoto.

"Jina lile halirudi," akasema. "Mtu asiye na jina hakai. Tumtafutie lingine kabla jua halijageuka. Na wewe ukae kimya. Umeita vya kutosha."

Akampaka mtoto ugoro puani, akaanza. Aliita kwa Kinandi, pole pole, jina baada ya jina, wanaume kwanza. Mtoto hakutikisika. Akaita ndugu za mumewe waliokufa. Akaita watu ambao Angeline hakuwahi kuwasikia, watu wa zamani za ng'ombe na mikuki. Saa tano ikapita. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Kila jina likiitwa, Kogo aliinama kusikiliza pua yake, kisha akatikisa kichwa.

Nyuma ya pazia, kitanda kililia kidogo, kama mtu akigeuka.

"Usiangalie huko," Kogo akanong'ona. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimemaliza wote, Angeline. Sina mwingine."

"Yuko mmoja."

"Huyo hapana. Mtoto haitwi. Hajaacha nyumba, hajaacha kitu, atarudi na nini?"

"Ataniita nani basi?" Angeline akalia. "Mama, nitabaki na nani?"

Hakungoja ruhusa. Alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio lile baridi, akaita.

"Jelagat."

Hakuna kitu. Akaita tena. Akaita tena. Kogo alikuwa amefumba macho. Angeline aliita mara nne, mara tano, sauti ikikatika. Kitanda kikalia tena huko ndani, kwa nguvu zaidi. Mara sita. Mara saba. Alijua anachofanya sasa, alijua anapokwenda. Mara nane.

"Jelagat, ni Mama."

Mtoto akapiga chafya.

Akapiga nyingine, akakohoa, akaanza kulia kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa, na mashavu yakapata rangi mbele ya macho yao. Kogo Rael alijifunika uso kwa kitambaa. Angeline alimshika mtoto mashavu kwa mikono miwili. Hakufikiri. Ilikuwa miezi tisa ikingoja.

"Nilikusikia," akamwambia. "Siku ile. Nilikusikia zote tisa. Sikuweza kuamka. Si kwamba nilikataa. Sikuweza."

Mtoto aliacha kulia. Akamtazama vile ambavyo mtoto wa miaka minne hamtazami mtu.

"Najua, Mama," akasema. "Nilikiona kimekukalia. Kiliweka kidole kwa mdomo, hivi, kikaniambia shhh."

Siku hiyohiyo walihama na mtoto wakaenda Plateau, vyombo vikafuata baadaye. Huko walimwita Kiplagat, kwa kuwa Jelagat wa kiume ni Kiplagat, na mwalimu wa nasari mpya aliandikiwa hivyo. Mtoto alinenepa. Anaitika mara moja akiitwa. Soksi yake moja hushuka kila siku, hata umfunge mpira. Gikonyo alikuja kuwaona, akaletewa chai, hakuimaliza. "Mimi huuliza jina," alimwambia Angeline pale mlangoni, akikwepa macho yake. "Sijawahi kupeana." Watu wa huko wanamwita Angeline Mama Kiplagat, naye anaitika. Ameacha kazi ya usiku. Amani imemrudia usoni, hilo siwezi kukataa.

Kitu kimoja tu. Dennis alikuwa Juba wakati yote haya yakitokea, na simu ya huko ni ya bahati. Alipopata mtandao, wiki ya pili, alipiga asubuhi, wakati Angeline yuko Munyaka peke yake kuchukua kitanda na vyombo vya mwisho. Mikono yake ilikuwa na sufuria, kwa hivyo aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Walisalimiana. Alikuwa bado hajapata la kumwambia. Nyumba ilikuwa imejaa jua, mlango wazi, Mama Ciru anaanika nguo hapo nje.

"Nimewakosa sana," Dennis akasema akicheka. "Kimeli yuko hapo? Hebu nimsikie. Kimeli!"

Nyuma ya pazia kukapigwa chafya.

"Ala, ana homa?" Dennis akauliza.

Mama Ciru anasema aliisikia pia, kutoka kwenye kamba ya nguo. Ni yeye aliyeingia baadaye kwenye chumba kile, maana Angeline alikuwa ameshafika barabarani bila viatu. Godoro lilikuwa limebonyea katikati, kidogo, kiasi cha mtoto. Juu ya mto palikuwa na ugoro, umemwagika mbichi, wenye unyevu. Aliweka mkono pale palipobonyea, na anaapa palikuwa na joto.